Salio la Benki na Akiba ya Kweli

Mkulima wa Muyama, mkoani Kigoma, hang'oi muhogo wote kwa siku moja. Hung'oa wa kula wiki hii, mwingine akauacha ardhini, hata mwaka mzima, mvua zikichelewa apate pa kushika. Shirika lisilo la kiserikali nalo linahitaji shamba la namna hiyo, na mengi hayana.

Tuchukue shirika la mfano lenye ofisi Kasulu. Mwisho wa 2024 lina shilingi milioni 180 benki, na wajumbe wa bodi wakisikia hivyo roho zinatulia. Sasa soma maelezo yanayofuata mizania. Milioni 162 ni za mradi wa maji: mfadhili ameshapanga zitumikeje, na zikibaki atazidai. Fedha huru ni milioni 18 tu. Pango, umeme, mishahara ya mlinzi na mhasibu hula milioni 6 kwa mwezi. Basi akiba ni ya miezi 3. Land Cruiser ya mradi usiijumlishe humo. Hairuhusiwi kuuzwa ili mlinzi alipwe.

Hesabu za mwaka mmoja hazitoshi. Tandaza mezani zilizokaguliwa za miaka minne. Mwaka 2021 shirika hilohilo lilikuwa na fedha huru milioni 30, na uendeshaji uligharimu milioni 5 kwa mwezi: miezi 6. Tangu hapo miradi imeongezeka, lakini kila mmoja ulikuja na mafuta, simu na saa za mhasibu ambazo mfadhili hakuzilipia. Pengo lilizibwa kwa akiba, kidogo kidogo, bila kikao chochote kuamua hivyo. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Na akiba huhitajika bila taarifa: Kigoma, mkoa ilipo Kasulu, imeshaonja mabadiliko ya ghafla. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa 2012, ya Mtendeli 2021. Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi zikasimama ndani ya siku chache.

Akiba haichotwi kwenye fedha za mradi. Hutoka kwenye ada za wanachama, kukodisha ukumbi, mashine ya kusaga, na gharama za ofisi zinazodaiwa waziwazi ndani ya kila andiko la mradi. Bodi iandike kwenye muhtasari wa kikao: tunataka miezi mingapi, nani anasaini kuchota, na kilichochotwa kitarudishwa lini.