Mzimu wa Rangi ya Kijani

Watu wa Busia na Malaba wamezisikia tangu utoto hadithi za wale wakimbiao usiku na kugonga milango ya watu. Usiku kila mtu hunyamaza kimya, asubuhi huzicheka. Basi mzimu uchekeshao si mgeni kwao. Lililo geni ni namna ya kuupiga picha.

Mwaka 1941, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Noel Coward alitunga mchezo uitwao Blithe Spirit. Ndani yake mganga wa kike amwita, pasipo kukusudia, marehemu Elvira, naye aja kumsumbua mumewe na mke wa pili. Wako walionung'unika kwamba huo si wakati wa kukifanyia kifo mzaha. Hata hivyo watu waliokuwa na misiba yao wenyewe walimiminika kwenda kucheka, na mchezo ulionyeshwa mara 1,997.

Sinema yake, iliyoongozwa na David Lean, ilipigwa huko Denham, Uingereza, ikatolewa mwaka 1945. Je, mzimu ulifanywaje? Kay Hammond alipakwa rangi ya kijani usoni, akavikwa nguo za kufanana nayo, midomo na kucha zikatiwa nyekundu. Kisha taa ya kijani ikamwandama kila alikokwenda. Kwa ufundi wa sinema hiyo Tom Howard alipata tuzo ya Oscar mwaka 1947.

Basi, msomaji, mlango wako ukigongwa usiku, uliza kwanza: taa ameishika nani?