Alikuwa wa Kwanza Malawi, Mbona Huku ni wa Arobaini?

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Nyasa twajua kwamba watoto wetu hawasomi upande mmoja tu. Kutoka Lituhi, Liuli na Mbamba Bay watu huvuka kwenda Malawi kwa uvuvi, kwa biashara, au kukaa na ndugu. Wengine hukaa huko miaka, na watoto wao huingia shule za huko. Kisha baba huamua kurudi nyumbani.

Tuseme mtoto huyo amerudi na ripoti yake: wa kwanza katika darasa. Anaingia shule ya sekondari huku, na muhula wa kwanza ukiisha anakuja na ripoti nyingine: wa 40 kati ya 62. Hapo nyumba haina amani. Baba asema mtoto amekuwa mvivu. Mama asema walimu wamemwonea. Nawe, msomaji, ungesema nini?

Tuzisome kwanza karatasi zenyewe. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne, A huanzia alama 75, C huanzia 45, D huanzia 30, na chini ya 30 ni F. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Hujumlishwa masomo saba yaliyo bora, hivyo aliye juu kabisa ana pointi 7. Malawi wao huandika tarakimu, 1 hadi 9. Moja ndiyo bora, tisa ni kuanguka; nao hujumlisha masomo sita, kwa hiyo aliye juu kabisa ana 6. Na ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, alama hutolewa kati ya 20, na mwenye 10 amefaulu. Mtoto aliyepata 14 kule amefanya vizuri. Mjomba wake wa huku akiiona hiyo 14 atashika kichwa!

Basi, nafasi darasani ni nini? Ni hesabu ya watoto waliojibu maswali yale yale katika shule ile ile, hakuna zaidi. Mtoto akitoka chumba kile, nafasi ile hubaki kule kule. Kumpanga kwenye mstari wa shule mpya kwa alama za shule ya zamani ni kuwadhulumu wenzake, au kumdhulumu yeye mwenyewe.

Wenzetu wa Marekani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Katika jimbo la Texas, sheria ya mwaka 1997 ilifungua milango ya karibu vyuo vikuu vyote vya jimbo kwa wale walio kumi bora katika kila mia ya darasa lao. Huko nafasi ni mali, na mgeni mwenye alama za nchi nyingine huleta mabishano. Ziko shule zinazokubali masomo aliyosoma lakini haziingizi alama zake katika kupanga nafasi. Ziko nyingine zinazojaribu kuzigeuza. Tena ziko zinazotaka akae kwanza muda fulani ndipo aweze kuitwa wa kwanza.

Kwetu si hivyo. Anayekwenda kidato cha tano huchaguliwa kwa matokeo ya mtihani wa taifa, wala haulizwi alikuwa wa ngapi darasani. Na Baraza la Mitihani lenyewe, NECTA, mwezi Januari 2023 liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule bora, likisema kwamba watoto husoma katika mazingira yasiyofanana. Kwa maoni yangu, shule ifanyayo haki humpangia mgeni nafasi kwa majaribio aliyoyafanya huku tu, na katika mwaka wa kwanza yatosha kumwandikia alama bila nafasi.

Fikiri pia anapambana na nini. Kiingereza huenda akawashinda wenzake. Lakini Kiswahili cha darasani hakukisoma, wala Historia ya Tanzania na Maadili. Masomo mawili hayo yakishuka, wastani wote hushuka nayo. Wa 40 huyo pengine ni wa tatu katika hesabu! Mzazi, usitazame ile namba ya chini peke yake. Pitia somo moja moja.

Jambo zito kuliko nafasi ni kidato atakachowekwa. Shule ya msingi ya Malawi ni miaka 8. Yetu imekuwa 7, na utaratibu mpya ulioanza 2024 unaielekeza kwenye miaka 6. Aliyemaliza kidato cha pili kule ana miaka 10 ya masomo. Wetu wa kidato hicho ana 9. Tena mwaka wa shule wa kule kwa miaka mingi umekuwa ukianza Septemba, na wetu huanza Januari. Kumrudisha kidato cha kwanza mtoto wa namna hiyo kwa sababu tu karatasi zake hazisomeki ni kumwibia miaka. Mkuu wa shule na ampime kwa maswali ya kidato anachokiomba.

Nao mtihani wa taifa una masharti yake. Huku huandikishwi kidato cha nne bila mtihani wa kidato cha pili, kwa hiyo aliyesoma nje yampasa masomo yake yalinganishwe na NECTA mapema. Alama za kazi za shuleni huchangia 30 kati ya 100, nazo hukusanywa tangu zamani; anayechelewa kuandikishwa huzikosa.

Basi kabla ya kupakia mizigo, omba kwa mwalimu wa kule barua ya uhamisho, ripoti za kila muhula zenye muhuri, cheti cha mtihani wa mwisho, na maelezo ya namna wanavyotoa alama. Ukifika, zipeleke kwa mkuu wa shule na kwa ofisi ya elimu ya wilaya, Mbamba Bay. Zitoe nakala, zile za asili ubaki nazo. Karatasi moja ikisahaulika Nkhata Bay, kuifuata ni kulivuka ziwa mara ya pili, kwenda na kurudi.