Jiwe Likishavunjwa: Tiba ya Mawe ya Figo kwa Mawimbi ya Mshtuko

Tarehe 7 Februari 1980, katika jiji la Munich, Ujerumani Magharibi ya wakati huo, mgonjwa mwenye jiwe kwenye figo alitibiwa akiwa ndani ya beseni kubwa la maji. Cheche za umeme zilipigwa chini ya maji, mawimbi yake yakaelekezwa kwenye figo, na jiwe likavunjwa pasipo kisu kugusa ngozi. Daktari Christian Chaussy na wenzake walitumia mashine iliyoundwa na Dornier, kampuni ya ndege ambayo wahandisi wake walikuwa wakichunguza madhara ya matone ya mvua kwa ndege ziendazo kasi kuliko sauti. Kabla ya hapo, jiwe kubwa la figo kwa kawaida lilidai upasuaji wa ubavuni.

Siri ya tiba hii imo katika maji. Nyama za mwili zinakaribiana na maji kwa uzito, hivyo wimbi hupita ndani yake bila kizuizi kikubwa. Likikutana na jiwe, kitu kigumu cha asili nyingine, nguvu yake hufyatuka hapo na kulipasua. Hewa, kinyume chake, hulizuia. Mashine za leo zimeacha beseni na kutumia mto wa maji unaobanwa ubavuni kwa jeli, nayo mapovu machache yaliyosalia katika jeli hiyo yanatosha kupunguza nguvu ya tiba. Mhudumu anayeipaka kwa uangalifu anatibu pia.

Si kila jiwe linafaa. Tiba hufaulu zaidi kwa jiwe la figo lisilozidi milimita 20. Jiwe lililokaa sehemu ya chini ya figo huweza kuvunjika vizuri, kisha vipande vikabaki palepale kwa kuwa havina mteremko wa kutokea. Mawe ya sistini ni sugu, na kwa mgonjwa mnene wimbi husafiri mbali mno kabla ya kulifikia jiwe. Mjamzito hafanyiwi tiba hii kabisa. Mwenye maambukizi ya mkojo hutibiwa kwanza maambukizi hayo, na mwenye kizuizi chini ya jiwe huondolewa kizuizi kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwamo, hana budi kusema mapema. Naye asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani huenda ndizo zinazoulinda moyo wake.

Mezani, mgonjwa hupewa dawa ya maumivu au ya usingizi, na jiwe hutafutwa kwa eksirei au ultrasaundi. Mapigo huanza kwa nguvu ndogo na kupandishwa taratibu ili figo isijeruhiwe. Hufika elfu mbili au tatu. Kasi ya mapigo 60 hadi 90 kwa dakika huvunja jiwe vizuri kuliko 120, jambo linalohitaji subira pale foleni ya wagonjwa inapokuwa ndefu.

Kisha mgonjwa huambiwa jiwe limevunjika, akarudi nyumbani akiamini amepona. Hapo ndipo penye hatari. Mashine huvunja tu, haitoi. Vipande vyote sharti vipite katika mrija mwembamba uendao kwenye kibofu, na safari hiyo huweza kuchukua siku au majuma kadhaa. Mkojo wenye damu kidogo kwa siku chache za mwanzo, michubuko ubavuni na maumivu ya hapa na pale ni mambo ya kutarajiwa. Lakini vipande vinaweza kujipanga na kuziba mrija, hali ambayo Wajerumani waliiita Steinstrasse, yaani barabara ya mawe. Mkojo uliozuiliwa ukiingiwa na vijidudu, maambukizi huweza kusambaa katika damu kwa saa chache tu.

Kwa hiyo homa au kutetemeka kwa baridi baada ya tiba si jambo la kumeza dawa ya malaria na kusubiri asubuhi. Mgonjwa aende hospitali usiku huohuo, na mhudumu atakayempokea aulize kuhusu tiba ya mawe kabla ya kufikiria lolote lingine. Figo iliyoziba na kuambukizwa huhitaji kufunguliwa njia haraka. Antibiotiki peke yake haitoshi. Vivyo hivyo maumivu makali yasiyotulia, kutapika mfululizo, mkojo wenye mabonge ya damu au kushindwa kabisa kukojoa.

Asiye na dalili hizo naye ana kazi yake. Hukojoa juu ya kichujio, hata kitambaa safi cha kuchujia chai, na kupeleka chembe maabara, maana aina ya jiwe ndiyo itakayoonyesha njia ya kulizuia lisirudi: jiwe la asidi ya yuriki, kwa mfano, huweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza ukali wa mkojo. Hunywa maji ya kutosha kutoa mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Na baada ya majuma machache hurudi kupigwa picha, hata kama haumwi, kwa kuwa figo iliyoziba huweza kuharibika kimyakimya.