Kwa Nini Kanuni ya Tisa Haikosei

Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, wanawake wengi hulima mwani kwa vikundi. Mwani ukishakauka, ukapimwa na kuuzwa, inabaki kazi ya kugawana. Tuseme kikundi cha watu tisa kimepata shilingi 742,500. Je, fedha hizo zitagawanyika sawasawa bila baki? Jumlisha tarakimu zake: 7, 4, 2 na 5 ni 18. Kwa kuwa 18 inagawanyika kwa tisa, 742,500 nayo inagawanyika. Kila mmoja atapata 82,500.

Kanuni hii wengi tuliikariri shuleni bila kuelezwa inatoka wapi. Ni hasara, maana maelezo yake ni mepesi. Chukua kamba 10 za mwani uwagawie watu tisa: kila mmoja anapata moja, na moja inabaki. Chukua 100: kila mmoja 11, inabaki moja. Chukua 1,000: kila mmoja 111, tena inabaki moja. Kwa hiyo kila kumi, kila mia na kila elfu huacha baki ya moja tu. Ukiwa na kamba 742, mamia saba yanaacha 7, makumi manne yanaacha 4, na mamoja ni 2. Jumla ya mabaki ni 13. Ukiwagawia tena watu tisa hizo 13, zinabaki nne. Basi tarakimu hazikuambii tu kwamba 742 haigawanyiki kwa tisa. Zinakuambia na baki lake. Tatu hufuata njia hiyohiyo, kwa kuwa 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa tatu.

Mbili na tano ni rahisi zaidi. Kumi inagawanyika kwa zote mbili, hivyo tarakimu ya mwisho inatosha kuamua. Kumi haigawanyiki kwa nne lakini mia inagawanyika, kwa hiyo tazama tarakimu mbili za mwisho. Kwa nane tazama tatu, maana 1,000 ni 8 mara 125.

Mahali ambapo wanafunzi wengi hujikwaa ni pale wanapounganisha kanuni. Namba inayogawanyika kwa 2 na kwa 3 hugawanyika kwa 6. Hilo ni kweli. Lakini usiseme kwamba inayogawanyika kwa 4 na kwa 6 lazima igawanyike kwa 24. Hesabu za mirathi ya Kiislamu, zinazojulikana sana pwani hii, zinaonyesha uzito wa jambo hilo. Marehemu akiacha mjane, mama na mabinti wawili, mjane ana thumuni, mama ana sudusi, na mabinti wana theluthi mbili kwa pamoja. Mafungu hayo hupigiwa hesabu kwa 24. Shamba likiwa na minazi 300, namba hiyo inagawanyika kwa 4 na kwa 6, lakini thumuni yake ni minazi 37 na nusu. Vigawo vya kupimia 24 ni 3 na 8, ambavyo havina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Minazi ikiwa 312 inapita vyote viwili: mjane 39, mama 52, mabinti 208, na 13 inayosalia ni ya ndugu wa kiumeni anayestahiki.

Husemwa kwamba saba haina kanuni. Inayo. Katika 742, ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa mbili upate 4, kisha uitoe katika 74. Inabaki 70, nayo inagawanyika kwa saba. Kwa kufanya hivyo umeondoa mamoja mawili na makumi manne, yaani 42, ambayo ni saba mara sita. Kilichosalia ni 700.

Walimu wa shule za msingi, nawaomba kipindi kimoja tu: kabla ya kuandika kanuni ubaoni, wapeni watoto vijiti 100 wawagawie wenzao tisa.