Fahamu: Kwa nini ramani ya Bariadi iwahesabu wanawake

Tangu Simiyu ilipomegwa, hasa kutoka Shinyanga, mwaka 2012, Bariadi ndiyo makao makuu ya mkoa, na mji unazidi kutanuka. Wapo wanaosema barabara haina jinsia, lami ni lami. Sawa, lakini safari zina wenyewe. Mwenye pikipiki huenda kazini na kurudi. Mama hupitia bombani, sokoni na zahanati, mara nyingi kwa miguu, mtoto mgongoni. Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu wala taa imeshaamua itamhudumia nani. Na bajeti? Si lazima iwe kubwa. Jiji la Vienna, Austria, katika kupanga mji kwa kuwafikiria wanawake, limefanya hata mambo madogo tangu miaka ya 1990: kupanua njia za miguu, kuongeza taa. Vivyo hivyo, choo cha soko chenye maji na mlango unaofungika si anasa. Muuza nyanya anashinda sokoni kutwa.