Picha Isiyosema Katika Uwanja wa Bologna

Katika mji wa Bologna, nchi ya Italia, pana uwanja mkubwa uitwao Piazza Maggiore. Upande mmoja limesimama kanisa la San Petronio, lililoanza kujengwa mwaka 1390, na hata leo uso wake haujamalizika: chini ni marumaru, juu ni matofali matupu. Mchana watu hupita hapo kwa shughuli zao. Lakini usiku, wakati wa majira ya joto, uwanja huo hugeuka kuwa nyumba ya sinema isiyo na paa wala mlango, na hapana mtu anayedaiwa kiingilio.

Wanaoifanya kazi hiyo ni Cineteca di Bologna, yaani hazina ya picha za sinema ya mji ule, ambayo sikukuu yake ya picha za kale ilianza mwaka 1986. Kitu cha kwanza kinachohitajiwa ni giza, nalo giza huko halipatikani upesi. Msomaji aliyezoea kuona jua likitua kati ya saa kumi na mbili na saa moja atashangaa kusikia ya kuwa Bologna, katika mwezi wa Juni, jua huchwa saa tatu usiku. Basi watu hungoja. Wanaowahi hupata viti, na wengine huketi juu ya ngazi za kanisa, wazee kwa watoto.

Miongoni mwa wachezaji wanaopewa heshima kubwa uwanjani hapo ni Charlie Chaplin, yule mtu mfupi mwenye kofia ya duara, suruali pana, viatu vikubwa na bakora. Picha zake zimeonyeshwa hapo huku wapiga ala wakiupiga muziki alioutunga yeye mwenyewe. Tangu mwaka 1999 Cineteca imekuwa ikizitengeneza upya picha hizo, kwa maana utepe wa sinema huchakaa na kuoza kama kitu kingine chochote. Mafundi hukusanya nakala kutoka nchi mbalimbali, wakazilinganisha kipande kwa kipande na kuchagua kilicho kizima, kama vile mkulima achaguavyo mbegu.

Chaplin alizaliwa mwaka 1889, akakulia London katika umaskini wa kweli. Wazazi wake walikuwa waimbaji, lakini mama yake aliugua, na mtoto alipelekwa katika nyumba ya maskini akiwa na umri wa miaka saba. Vazi lile la mzururaji alilivaa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1914. Na bila shaka njaa aliyoichezea watu wakacheka, yeye mwenyewe alikuwa ameionja.

Sinema zenye sauti zilipoenea baada ya mwaka 1927, wachezaji wote walianza kusema. Chaplin alikataa. Aliona ya kuwa mzururaji akisema Kiingereza atakuwa mtu wa taifa moja, na wengine watampoteza. Alikuwa na studio yake na fedha zake mwenyewe, na zote alizitia hatarini kwa ajili ya picha iitwayo City Lights, yaani Taa za Mji, iliyotolewa mwaka 1931. Mwanzoni mwa picha hiyo wakubwa wa mji wanatoa hotuba, lakini vinywani mwao inatoka milio ya filimbi tu. Karani aliyewahi kusimama juani akisikiliza hotuba ndefu hahitaji kufasiriwa mzaha huo.

Taabu kubwa ilikuwa mahali pengine. Msichana kipofu auzaye maua hana budi kumdhani mzururaji kuwa ni tajiri. Je, katika picha isiyo na sauti, mtazamaji ataonyeshwaje kile alichokisikia kipofu? Chaplin alihangaika muda mrefu sana, akirudia na kurudia. Mwisho alipata njia: barabara imejaa magari, na mzururaji, ili apate kupita, anaingia katika gari la fahari upande mmoja na kutokea upande wa pili. Mlango unafungwa, na msichana anageuka akidhani ya kuwa mwenye gari ameshuka. Hapana neno lililosemwa, na kila mtu ameelewa.

Usiku wa namna hii si mgeni katika Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1950 gari la sinema lilifika vijijini, kitambaa cheupe kikatundikwa, na watu wakaketi chini. Baada ya picha za kilimo na usafi ilifuata ya kuchekesha, na mara nyingine ilikuwa ya Chaplin. Mfasiri aliyeshika kipaza sauti angeweza kupumzika hapo.

Sehemu ya mwisho ya Taa za Mji haichekeshi. Msichana amekwisha kuponywa macho kwa fedha alizozipata mzururaji, naye mzururaji ametoka kifungoni kwa sababu ya fedha hizo hizo, nguo zake zimeraruka. Msichana anamwona, anamcheka, kisha anamhurumia na kutaka kumpa ua na sarafu. Anaushika mkono wake ili amtilie sarafu, na mkono ule anaujua. Chaplin hakuonyesha kama alimpokea au alimkataa. Picha inakoma hapo, juu ya uso wa mzururaji anayetabasamu kwa hofu, ua likiwa mkononi.