Picha za Majini: Tuikinge Lenzi na Maji



Vikundi vyetu vingi vya Pwani kazi yao iko majini. Kina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, hulima mwani. Wenzao wa Gazi hutunza mikoko. Wafadhili hawawezi kufika kila mwezi, kwa hivyo kazi yetu wanaiona kwa picha. Picha ikitoka na madoa na ukungu, mtu atauliza: hiyo miche iko wapi? Hapo jasho la kikundi kizima linaonekana kama maneno matupu.

Sasa mtauliza, tone moja la maji lina ubaya gani? Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Tone likikauka juu ya kioo cha lenzi, maji huenda, chumvi hubaki. Ukisugua kwa ncha ya leso, chembe za chumvi na mchanga hukwaruza kioo, na mkwaruzo hautoki tena. Chumvi ikiingia ndani, inakula vyuma.

Kabla ya kuondoka

Tafuteni mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na unaofungika vizuri. Simu hupigia picha ndani ya mfuko huo huo, mradi plastiki inyooshwe vizuri mbele ya lenzi. Kwa kamera, toboeni tundu la kutosha lenzi tu, mfunge kwa mpira kuizunguka. Chukueni pia vitambaa viwili vya pamba, safi na vikavu, kila kimoja katika mfuko wake. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujapata nguvu.

Mkiwa chomboni

Mpiga picha asikae omo, maana ndipo mawimbi yanaporusha maji. Akae karibu na tezi, mgongo wake ukielekea upepo. Lenzi ibaki na kifuniko mpaka wakati wa kupiga. Mwambieni nahodha apunguze mwendo kwanza.

Msiweke kamera katika sanduku la barafu ya samaki, hata kama ndani panaonekana pakavu. Ikishapoa halafu ikatoka kwenye hewa ya joto, lenzi itashika ukungu, kama chupa ya soda baridi inavyotoa jasho.

Ikilowa

Msisugue! Pulizeni kwanza mchanga utoke, kisha gusisheni kitambaa kikavu kinyonye tone. Chumvi ikiwa imeshakauka, lowesheni kitambaa cha pili kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mpanguse taratibu kutoka katikati kwenda nje.

Ikitumbukia baharini, izimeni mara moja na mtoe betri kama inatoka. Msiichaji. Msiianike juani wala karibu na jiko. Kuizika ndani ya mchele, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii sana. Vumbi la mchele huingia ndani. Pangusa nje, iacheni kivulini penye hewa, kisha mpelekeeni fundi haraka, mkimwambia wazi kwamba ni maji ya chumvi. Hata simu zinazosifiwa kuwa haziingii maji, kwa kawaida hupimwa kwa maji matamu, si ya bahari.

Uhai kwanza

Kuna jambo zito kuliko lenzi. Mtu akisimama kwenye mtumbwi apate picha nzuri, chombo kinayumba na wote wako hatarini. Mpiga picha avae jaketi la kuokoa maisha kama wengine, akae chini, na kamera ining'inie shingoni. Ikianguka, asiirukie. Kamera itachangiwa nyingine; mtu hachangiwi mwingine.

Katika mkutano wenu ujao chagueni mtu mmoja wa kutunza kamera, na mweka hazina atenge pesa kidogo za mifuko na vitambaa. Ni gharama ndogo, lakini inalinda ushahidi wa kazi yenu.

Mungu awabariki.